Anzelma Hataki Kushuka

Siku ya nne Anzelma hakushuka, na mama yake akachemsha migebuka.

Leokadia hakuwa mtu wa kukaa akilia. Aliwachemsha samaki hao wawili, bila chumvi wala ndimu, akawatoa miiba, akawatia kwenye hotipoti, na saa moja na nusu asubuhi alikuwa langoni mwa Hifadhi ya Ndege ya Ilambo pamoja na jamaa wengine, akingoja zamu yake ya kukanyaga beseni la dawa. Mlinzi alikagua mabegi. Alipofika kwenye hotipoti aliangalia pembeni, kama alivyofanya kila siku ya wageni kwa miezi saba. Mlinzi gani angemzuia mama kumpelekea mgonjwa chakula, hata kama mgonjwa mwenyewe ana mabawa?

Kibanda cha kutazamia kilijengwa kwa mbao na matete, juu ya nguzo, ukingoni mwa kinamasi. Mbele kilikuwa na upenyo mrefu usawa wa macho, na juu ya upenyo maandishi mekundu: USIPIGE KELELE. USIITE JINA. USILISHE. Kila mgeni alipewa darubini na nafasi yake kwenye benchi.

Bi Mwajabu wa Ujiji alikuwa ameshakaa, ametanua magoti, darubini usoni.

"Umechelewa, Mama Anze. Mume wangu keshakula mara tatu. Alivyokuwa mlafi akiwa mtu, na sasa wamempa mfuko mdomoni, basi tena."

Mume wake, Shomari, alikuwa ndani ya ndege aitwaye mwari kwa mwaka wa pili. Kiharusi kilimwangusha sokoni, akabaki anasogeza jicho moja tu.

"Wangu umemwona?" Leokadia aliuliza.

"Yuko pale pale. Tangu nimefika hajapepesa. Mwanao kama nguzo ya umeme."

Leokadia akaelekeza darubini. Ng'ambo ya maji, juu ya tuta la mafunjo, alisimama ndege wa kijivu mwenye urefu wa kumfikia mtu kifuani, mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Watu wa Ilambo humwita domokiatu. Chini ya kivuli chake alilala kifaranga wa wiki sita, manyoya kama pamba chafu.

Vifaranga walikuwa wawili. Mwezi uliopita Leokadia aliketi kwenye benchi hili hili akamwona kifaranga mkubwa akimdonoa mdogo kichwani, asubuhi nzima, na domokiatu amesimama hatua moja tu kutoka hapo, akitazama. Saa sita mdogo alikuwa amekufa. Domokiatu akamchukua kwa mdomo, akamtupa majini kama mtu anayetupa ganda.

Na yule domokiatu alikuwa Anzelma.

Nyuma yao, juu ya kilima, lilionekana jengo jeupe la wapandaji. Ndani kulikuwa na vitanda arobaini, na kila kitandani mtu amelala macho yamefumba, uzi mwembamba kama unywele ukiingia nyuma ya sikio lake. Kila mmoja alikuwa na ndege wake kule kinamasini, na kila ndege alikuwa na punje ya chuma ndani ya fuvu. Ndege wa mwituni hakubali mgeni kichwani. Hujigonga hadi afe. Kwa hiyo yai huwekwa kwapani mwa mgonjwa siku kumi za mwisho, mgonjwa akiliongelesha mchana kutwa, na kifaranga akitoka anafungua macho yake mbele ya uso huo. Anakua akimngoja. Punje ikishatiwa, mwili na mazoea ni ya ndege, nia ni ya mtu. Mtu akishuka, ndege husimama tu kama nyumba iliyofungwa, mpaka arudi.

Mpandaji alitakiwa kupanda saa sita kwa siku, kisha ashuke, ale kwa mdomo wake, ageuzwe, azungumze na watu. Kushuka kulikuwa kwa hiari. Hapakuwa na swichi.

Anzelma alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya chuo cha ualimu, hadi lori lililobeba timu lilipopinduka karibu na Uvinza. Kutoka shingoni kwenda chini hakuhisi wala kusogeza kitu.

Mlango wa kibanda ukasukumwa. Alikuwa Bilakwata, fundi mkuu wa wapandaji, mwanamume mrefu aliyezoea kuinama kila anapoingia.

"Mama Anzelma, njoo ofisini mara moja." Akaitazama hotipoti. "Njoo nayo."

*

Hakumkaribisha kiti. Leokadia akajikaribisha mwenyewe.

"Kidonda cha mgongoni kimefika mfupani," Bilakwata alisema. "Tunamgeuza kila saa mbili, lakini mwili usio na mwenyewe hauponi. Homa imeanza jana."

"Na operesheni?"

"Iko Jumatatu. Hospitali ya rufaa wameshamwandika. Wataotesha mishipa ya fahamu ya shingo upya. Miguu sikuahidi. Mikono, kati ya watu kumi, sita wanaipata. Lakini lazima awe ndani ya mwili wake, macho, akiwajibu. Asiposhuka hawamgusi."

"Na asiposhuka kabisa?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu za nini? Sema."

"Atakufa, Mama. Na ndege atasimama palepale hadi naye aanguke."

Nje dirishani bata bukini walikuwa wakigombana. Leokadia aliuliza kama angeuliza bei ya unga: "Mnamtoaje mtu asiyetaka kutoka?"

"Uzi hauvutwi. Tuliwahi kuuvuta kwa mtu mmoja, ubongo ukavuja damu." Bilakwata akashusha sauti. "Ndege akifa, mtu hurudi. Papo hapo. Hajawahi kukosa hata mmoja."

"Basi mpigeni risasi."

"Domokiatu? Wamebaki mia na arobaini nchi nzima. Nikimpiga nalala jela, na wewe pembeni yangu." Akafungua droo, akatoa kitabu cha kanuni, akakigeuza kikamwelekea. "Ila kuna hii. Ndege anayepokea chakula mkononi mwa binadamu anaitwa ndege aliyeharibika. Wenzake watajifunza kwake, watawafuata watu, na wawindaji watawaokota kama kuku. Huyo anaondolewa siku hiyo hiyo. Mashahidi wawili na kamera."

Leokadia akaisogeza hotipoti chini ya kiti.

"Ulidhani hatukuoni? Miezi saba unamwachia samaki pale mwisho wa njia ya ubao, kinamasini. Domokiatu mzima, mwindaji wa kamongo, anakuja kungoja mgebuka wa kuchemsha. Tulikuonea huruma. Mama ni mama, tukasema. Sasa ubaoni haitoshi. Lazima apokee mkononi."

"Kwangu."

"Kwa nani mwingine? Sisi akituona anaondoka."

Leokadia akaangalia mikono yake. Ilikuwa bado inanuka samaki.

"Atajua?"

"Atakuwa ndani."

"Atasikia?"

"Ni sindano. Kama dakika moja. Si usingizi, Mama, sikudanganyi. Moyo unasimama yeye akiona."

"Na yule kifaranga?"

"Kifaranga hajaharibika. Hatumgusi. Dume lilinaswa na nyavu mwezi wa nne, kwa hiyo hana mwingine wa kumlisha." Bilakwata akafunga kitabu. "Mpandaji aliyezidisha saa zake hahesabiwi kuwa na akili ya kuamua. Sahihi ni yako. Nahitaji jibu kabla ya saa nane."

*

Alikwenda wodini akamwogesha. Wauguzi walishamwogesha, lakini hilo halikumhusu. Alimfuta uso, kwapa, katikati ya vidole vya miguu. Alimgeuza ubavu, akabandua kitambaa cha kidonda, akatazama. Kilikuwa na upana wa kisahani cha chai, na ndani yake palionekana weupe. Harufu yake ilimfanya muuguzi mwenyewe ageuze shingo. Leokadia hakugeuza. Alikisafisha, akakifunika, akamvuta mwanawe akamlaza vizuri.

Jumamosi, mara ya mwisho Anzelma aliposhuka, walizungumza hapa hapa.

"Utapata mikono," alimwambia, kijiko cha uji hewani.

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kujikuna. Ya kujifuta. Ya kumpiga kofi anayekuudhi."

Anzelma hakucheka. Uso wake ulikuwa umekonda, macho yamekuwa ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu bila kupepesa. "Mama, hapa ukinitia uji mdomoni unaniambia meza. Kule nameza kamongo mwenye urefu wa mkono wako. Nasimama tangu jua linachomoza mpaka lizame, na miguu yangu haichoki. Unajua nimekaa miaka mingapi bila kusimama?"

"Miwili. Nahesabu na mimi."

"Nina mtoto, Mama."

"Una kifaranga."

"Na mimi nilipokuwa siwezi kushika shingo ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na mtu. Na mtu wangu angedonolewa kichwani nisingesimama nikatazama kama wewe ulivyosimama."

Hapo Anzelma alimgeukia, kadiri shingo ilivyoweza kugeuka. "Samaki walikuwa wa kumtosha mmoja. Ningewalisha wote wawili wangekufa wote. Nilichagua, nikasimama nikaangalia nilichochagua. Wewe usingeweza?"

"Mwili huu unaoza, Anze."

"Uoze. Nitakufa nimesimama."

"Sikukuzaa ufe umesimama."

"Ulinizaa ili nifanye nini? Nilishwe?" Akafumba macho. "Niache niende, Mama. Kifaranga yuko juani, na mimi ndiye kivuli chake."

Akaondoka. Uji ukapoa kwenye kijiko.

Sasa, Jumatano, Leokadia alimaliza kumfunga khanga, akasimama kando ya kitanda. Alikuwa mwanamke aliyesomea stashahada ya uhifadhi wa vyakula, aliyepima maisha yake yote kwa vitu vinavyoharibika na vinavyoweza kuokolewa. Binti amesema hataki. Amesema akiwa na akili zake, hakuna kanuni ya kitabu cha Bilakwata iliyoweza kumdanganya Leokadia kuhusu hilo. Anzelma alijua anachokisema kuliko daktari yeyote.

Lakini angekufa.

Alikwenda ofisini akatia sahihi. Ilikuwa saa sita na robo.

*

Njia ya ubao iliingia kinamasini hatua sitini, ikaishia kwenye jukwaa dogo. Bilakwata alijibanza nyuma ya pazia la matete na fimbo ndefu yenye sindano. Msaidizi alishika kamera. Leokadia alikaa jukwaani peke yake, hotipoti magotini, jua la saa saba likimchoma utosi.

Alifungua kifuniko, kama kila siku.

Ng'ambo, domokiatu akainua kichwa. Alimsogeza kifaranga kwa mdomo hadi chini ya mafunjo palipokuwa na kivuli chembamba, kisha akaja. Alikuja kama wanavyokuja ndege wale, mguu mmoja, kimya kirefu, mguu mwingine. Yangeyange wawili wakaruka wakampisha. Alipofika hatua tano akainamisha kichwa akakitikisa, akagonga mdomo wake ka-ka-ka-ka-ka, sauti kama ya mtu anayepiga mbao. Domokiatu huwasalimu hivyo wenzake kiotani. Hapa kinamasini pote huyu mmoja tu ndiye aliyemsalimu mtu.

"Marahaba, mama," Leokadia akasema.

Siku zote aliweka samaki ubaoni, akarudi nyuma. Leo alimshika mgebuka kwa mkia, akanyoosha mkono.

Ndege akasimama.

Aliutazama mkono. Kisha akamtazama Leokadia, jicho moja la manjano, halafu akageuza kichwa akamtazama kwa la pili. Leokadia angeweza kumwangusha samaki yule majini. Angeweza kusema neno moja tu, ondoka, na Anzelma angelisikia. Badala yake akausogeza mkono mbele kidogo.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kula upate nguvu."

Domokiatu akasogea hatua ya mwisho. Mdomo ule una ncha kama ndoana, unakata kamongo vipande viwili. Ulifunguka, ukamchukua mgebuka karibu kabisa na vidole vya Leokadia, taratibu, ukivikwepa kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Hakuna ndege anayefanya hivyo.

Hakummeza. Akageuka na samaki mdomoni, kuelekea kule mafunjoni.

Fimbo ikatoka kwenye matete.

Ndege alianguka magoti kwanza. Mabawa yakafunguka, mapana kuliko jukwaa, yakapiga maji mara mbili. Samaki akamtoka. Kutoka kilimani, mbali, kwenye jengo jeupe, ukasikika mwanzo wa sauti, kama mtu anayejaribu koo lisilotumika.

"Nenda juu, Mama!" Bilakwata alisema. "Nenda, anarudi, akuone wewe kwanza!"

Leokadia hakwenda. Dakika ile ilikuwa haijaisha, na kwa dakika ile mwanawe alikuwa hapa. Alipiga magoti kwenye maji, akakipakata kichwa kile kizito, akaziba jua kwa mwili wake. Jicho la manjano lilimtazama. Lilimtazama muda wote, halikufumba, halikuhama, mpaka likawa jicho tu.

Ndipo kutoka kilimani ukaja ukelele wenyewe.

*

Ijumaa Leokadia alirudi kibandani. Anzelma alikuwa ameamka, alijibu madaktari kwa ndiyo na hapana, na kila mama yake alipoingia alifumba macho hadi alipotoka. Hakulia, hakutukana. Alikula kila alichopewa na muuguzi.

Benchi ilikuwa imejaa hadi pale alipokaa Leokadia. Hapo watu wakasogea mbali naye. Bi Mwajabu alisogea wa kwanza.

"Tafadhali usimwite wala usimnyooshee chochote mume wangu," alisema bila kumtazama. "Shomari mlafi, atakuja."

"Sina shida na mumeo."

"Nilikuona, ujue. Kwa darubini hii hii. Unamwambia mtoto kula upate nguvu, na mkononi una kifo chake. Mimi nimewahi kugombana na watu, nimewahi kumloga mke mwenzangu na ikashindikana, lakini lile! Lile hapana."

"Anapumua," Leokadia alisema. "Wako anaoza. Umemgeuza lini?"

Bi Mwajabu akafyonza, akarudisha darubini usoni.

Kule mafunjoni kifaranga alikuwa bado hai. Siku mbili alisimama pale alipoachwa, kwa sababu alifundishwa kwamba kivuli huwa kinarudi. Sasa hakuweza kusimama. Alikaa juu ya nundu za miguu yake, mdomo wazi, akihema, na kila ndege mkubwa aliyepita juu alimnyooshea shingo akiomba. Mwari alipita, akaombwa. Kwarara wakapita, wakaombwa. Saa nne marabu wawili, korongo wala mizoga, walitua wakasimama kando, wakaanza kungoja kwa heshima, kama watu waliofika msibani mapema.

"Mtu amchukue!" alinong'ona mwanamke mmoja. "Jamani, si mtu amchukue?"

Wote walijua kanuni, na wote walikuwa na ndege wao.

Leokadia alikuwa amekwishaomba. Jana alimwomba Bilakwata, akaomba kwa msimamizi, akaomba kwa simu hadi mkoani, na kote alijibiwa kwa upole kwamba hifadhi haiingilii maumbile.

Marabu mmoja akasogea. Watu wakaanza kushusha darubini, mmoja baada ya mwingine. Wengine waliinuka wakatoka. Bi Mwajabu alijifunika uso kwa ushungi.

Leokadia hakushusha. Alitazama pigo la kwanza la mdomo, na la pili, na yote yaliyofuata, na yalikuwa mengi, kwa sababu marabu hana haraka. Alipomaliza alifuta vioo vya darubini, akairudisha kwa mlinzi, akaweka sahihi ya kutoka.

*

Operesheni ilifanyika Jumatatu, ikachukua saa kumi na moja. Wiki nne za kwanza wageni hawakuruhusiwa. Wiki ya tano Leokadia alikwenda kila siku, akakaa kwenye kiti cha koridoni, akaambiwa mgonjwa amelala. Wiki ya sita mgonjwa alikuwa amelala. Wiki ya saba pia.

Wiki ya nane muuguzi mmoja, Edigna, msichana mwenye aibu, alimfuata pale kwenye kiti akiwa na karatasi kifuani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Amelala?"

"Hapana, Mama. Yuko macho." Akamnyooshea karatasi. "Wagonjwa wana haki ya kujaza fomu hii. Tulitaka kumwandikia sisi, akakataa. Amechukua siku mbili. Naomba unisamehe."

Ilikuwa fomu ya kawaida ya hospitali. Juu jina la mgonjwa, limechapwa kwa mashine. Chini mstari uliosema: Watu ambao sitaki waingie chumbani mwangu wala wapewe habari zangu. Hapo paliandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, kwa herufi kubwa zilizokwenda juu na chini kama mtu anayepanda ngazi mbovu: LEOKADIA. Chini yake, MAMA YANGU.

Leokadia alisimama, akaenda nayo dirishani penye mwanga.

"Kalamu alishikiwa?"

"Hapana, Mama. Mwenyewe."

"Na mkono ulifungwa kamba, au kibao?"

"Haukufungwa."

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Wa kushoto bado kidole gumba tu."

Leokadia akaisogeza karatasi karibu na uso. Herufi ya kwanza ilikuwa imechimba karatasi ikakaribia kuitoboa. D ilitetemeka, lakini tumbo lake lilikuwa limefungwa vizuri, mviringo mzima. Alipofika kwenye MAMA YANGU mkono ulikuwa umeshazoea, mistari ilinyooka.

"Naomba nibaki nayo."

"Haiwezekani, Mama. Inakaa kwenye faili."

"Sawa."

"Na... itabidi utoke koridoni. Samahani sana."

"Natoka," alisema Leokadia. Hakuondoka dirishani. Aliirudia tena toka mwanzo, herufi moja moja, akifuata kwa ncha ya kidole pale wino ulipopita, mpaka Edigna aliponyoosha mkono akaichukua.